Karamu ya Mataifa Yahitaji Kamati

Ndugu msomaji, hapana shaka nawe umewahi kukaa katika kamati ya harusi. Wazijua desturi zake: mwenyekiti mwenye subira, katibu mwenye daftari, mweka hazina asiyekubali maneno matupu, na wajumbe wanaobishana saa nzima juu ya idadi ya kreti za soda. Twazicheka kamati hizo, na mara nyingine twazikimbia. Hata hivyo ndizo zinazomwezesha mtu wa mshahara mdogo kuwalisha wageni mia tatu bila kuuza shamba.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akifika ng'ambo, akakutana na karamu kubwa kuliko zote alizopata kuziona, kamati huiacha nyumbani akaenda na kadi ya benki peke yake. Nataka leo tulizungumze jambo hilo, maana mwaka 2024 lilitukuta sisi wenyewe. Nalisimulia kwa idhini ya mama yangu, ambaye amesema kwamba likimfaa mtu mmoja atakuwa ameridhika.

Kaka yangu anaishi karibu na mji wa Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani, na anafanya kazi hospitalini. Ana mke na watoto wawili, kijana wa miaka 16 na binti wa miaka 12. Kwa miaka kumi na mmoja hakupata nafasi ya kumkaribisha mama nyumbani kwake. Nafasi hiyo ilipopatikana, mwishoni mwa Septemba 2024, nilifuatana na mama, ambaye ni mwalimu mstaafu aliyefundisha Dodoma kwa muda mrefu. Kaka alikuwa amekwisha kuchagua zawadi ya kumpa: siku nzima katika tamasha la vyakula na mvinyo la mataifa.

Yafaa kwanza nikueleze tamasha hilo ni kitu gani. Nje kidogo ya Orlando ziko bustani kubwa za maburudisho za kampuni ya Disney. Mojawapo huitwa EPCOT, nayo ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1982. Sehemu yake moja imelizunguka ziwa lililochimbwa na watu, na kando ya ziwa hilo yamejengwa mabanda makubwa 11, kila moja kwa sura ya nchi yake: Meksiko, Norwei, China, Ujerumani, Italia, Marekani yenyewe, Japani, Moroko, Ufaransa, Uingereza na Kanada. Tangu mwaka 1996 hufanyika hapo kila mwaka tamasha la vyakula na mvinyo. La kwanza lilichukua kama mwezi mmoja. La mwaka 2021 lilichukua siku 129. Na hilo tulilolikuta sisi lilianza tarehe 29 Agosti 2024 likamalizika tarehe 23 Novemba, yaani siku 87.

Wakati wa tamasha vibanda vidogo huongezwa kando ya njia, na kila kimoja huuza vyakula vyake katika sahani ndogo za kuonja. Mtu huzunguka, huonja, hupumzika, kisha huonja tena. Aliyepata kutembea Sabasaba akila mishikaki ya banda hili na kunywa maji ya miwa ya banda lile ataielewa furaha ya mahali hapo bila kuelezwa zaidi.

Lakini furaha hiyo ina milango miwili ya malipo, na wengi huuona mmoja tu. Mlango wa kwanza ni tiketi ya kuingilia bustanini, ambayo kwa mtu mzima hupita dola 100 kwa siku, na bei yake hupanda na kushuka kufuata tarehe. Mlango wa pili ni sahani zenyewe. Kila sahani ni kati ya dola 5 na dola 10 hivi, na ukubwa wake ni wa kiganja cha mkono. Mtu mwenye njaa hamalizi safari kwa sahani tatu.

Kaka alikuwa ameyapanga mambo tangu Agosti. Siku aliyoichagua ilikuwa Alhamisi tarehe 10 Oktoba. Watu sita, tiketi sita, na meza ya chakula cha jioni katika mojawapo ya mikahawa ya humo. Nafasi ya meza aliikamata alfajiri, siku 60 kabla, akiwa ameshika simu mkononi. Alijivuna kwa hilo, naye alikuwa na haki ya kujivuna, kwani meza za mahali pale hugombewa. Tiketi alikusudia kuzinunua mwanzoni mwa wiki ile.

Wiki ile ndiyo iliyoleta kimbunga Milton. Kilitua katika pwani ya magharibi ya Florida usiku wa tarehe 9 Oktoba, na wateja zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme. Bustani zote za Disney zilifungwa tarehe 10. Sisi tulijifungia nyumbani na ndoo za maji, mikate na tochi mbili. Upepo ulikuwa ukivuma kama lori lisilokwisha kupita, na hapakuwa na televisheni wala simu ya kuchezea. Watu sita wakiketi gizani kuzunguka meza moja hulazimika kuzungumza.

Mama ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa upole tu, kama anayetaka kupitisha wakati: "Siku ile ya karamu, mwanangu, ingegharimu kiasi gani?"

Kaka alijaribu kulikwepa swali. Wifi yangu, ambaye nadhani alikuwa akilingoja kwa wiki kadhaa, akajibu yeye: dola 1,700 kwa uchache, na zote zingetoka katika kadi ya mkopo. Kwa bei ya dola ya siku zile hizo ni zaidi ya shilingi milioni 4.

Mama alinyamaza. Kisha akauliza swali la pili. Je, ada ya mtoto wa marehemu dada yetu, anayesomea uuguzi, ilikuwa imelipwa?

Ndugu msomaji, hapa nami sina budi kukiri kosa langu. Binti yule alikuwa amenipigia simu kabla hatujasafiri. Mjomba wake aliahidi kuituma ada hiyo, shilingi milioni 1 na laki 6, katikati ya Septemba, na haikufika. Naye alikuwa akiogopa kuondolewa darasani. Nililijua jambo hilo kwa wiki mbili, nikanyamaza, kwa kuwa sikutaka kuiharibu safari ya mama. Kaka naye alinyamaza kwa sababu hiyo hiyo. Kila mmoja wetu alijihesabu kuwa anamtunza mama, na wote wawili tulikuwa tukimficha.

Kaka alisema kwa sauti ya chini kwamba ada angeituma Novemba. Alisema pia kwamba kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akiona watoto wa wenzake wakitembea mahali pale na bibi zao, na kwamba alitaka siku moja tu. Sijapata kumsikia akisema maneno kama hayo. Mama hakumkaripia. Alimwambia: "Baba, mimi sijaikataa karamu yako. Ninayoikataa ni karamu inayolipiwa na mtu ambaye hakualikwa." Kisha akamwomba mjukuu wake alete daftari na kalamu. "Sasa tuunde kamati," akasema.

Basi kamati ikaundwa kwa mwanga wa tochi. Mama alikuwa mwenyekiti. Wifi alikuwa mweka hazina. Binti wa miaka 12, ambaye Kiswahili chake ni cha kusitasita lakini mwandiko wake ni mzuri, alikuwa katibu. Sisi wengine tulikuwa wajumbe. Nakuletea hapa ajenda zake kama zilivyoandikwa, kwa kuwa kila moja yaweza kukufaa wewe au nduguyo aliye huko, na hata ndugu anayepanga kumtembeza mzazi mahali pengine popote penye kiingilio.

Ajenda ya kwanza: tarehe

Kwa hesabu ya fedha na nafasi, siku nzuri ni Jumatatu hadi Alhamisi. Ijumaa jioni, Jumamosi na Jumapili wenyeji wa Orlando na miji ya jirani humiminika humo, wengi wao vijana wanaokwenda kuonja mvinyo wa kila nchi mpaka jua litue. Tiketi za siku za katikati ya wiki nazo aghalabu ni nafuu zaidi.

Lakini Alhamisi ni siku ya shule. Kaka alikuwa amekusudia kuwaombea watoto ruhusa. Mwenyekiti alitamka kwamba hakufundisha miaka yote ile ili aje kumtorosha mtoto darasani kwa ajili ya jibini. Tumezoea kusikia kwamba kupanga ni kuchagua, na maana yake ndiyo hiyo: siku nafuu na tulivu ilikuwepo, nasi tukaiacha kwa kujua. Ikachaguliwa Jumamosi tarehe 19 Oktoba, kwa sharti la kufika mapema na kuondoka mapema. Vibanda vingi hufunguliwa saa 5 asubuhi. Tukaazimia kuwa mlangoni kabla ya saa hiyo na kutoka saa 10 jioni, wakati umati unapoanza kushonana.

Ajenda ya pili: wanaokwenda

Hii ndiyo ajenda iliyouma. Mtoto chini ya miaka 3 huingia bure, na wa miaka 3 hadi 9 hulipa pungufu kidogo, lakini kuanzia miaka 10 mtu huhesabiwa kuwa mzima. Kwetu sisi hapakuwa na mtoto wa kupunguziwa. Tiketi sita zilikuwa zaidi ya nusu ya gharama yote, na hakuna hila ya kuipunguza hesabu hiyo ila kupunguza vichwa.

Wifi alisema kwamba yeye alikwenda mwaka uliotangulia na wenzake wa kazini. Kijana wa miaka 16 alisema kwamba Jumamosi ana mpira. Sijui hata leo kama mpira ule ulikuwepo kweli. Wakabaki wanne: mama, kaka, katibu wetu, na mimi. Mama aliuliza mara mbili kama wanaobaki wameridhika, nao wakajibu mara mbili kwamba wameridhika. Katibu akaandika. Lakini niliuona uso wa kaka, na siwezi kukuambia kwamba uamuzi huo ulikuwa mwepesi kwake.

Ajenda ya tatu: meza

Zamani nafasi ya meza katika mikahawa ya Disney iliweza kuwekwa siku 180 kabla. Tangu bustani zilipofunguliwa tena baada ya janga la korona, muda huo ni siku 60. Anayelala katika hoteli za Disney zenyewe hupata faida zaidi: akifika siku ya 60 kabla ya kuingia hotelini, aweza kuweka nafasi za hadi siku kumi za kukaa kwake kwa mkupuo mmoja. Hii ndiyo sababu mtu wa nje akiamka siku ya 60 hukuta meza nzuri zimekwisha kuchukuliwa. Asikate tamaa. Watu hubadilisha nia, hasa siku moja mbili kabla, na meza hurudi. Anayechungulia asubuhi na jioni huipata. Naye aliyeweka nafasi akumbuke kuifuta kwa wakati, maana mikahawa mingi huchukua namba ya kadi, na asiyetokea hutozwa, aghalabu dola 10 kwa kila kichwa.

Lakini jambo kubwa zaidi, ambalo kaka hakulifikiri, ni kwamba vibanda vya tamasha havihitaji meza wala nafasi ya kuweka. Mtu hupanga foleni, hulipa, hupokea. Meza ya jioni juu ya sahani za mchana ni kula mara mbili. Kamati ikaifuta meza kwa kauli moja. Kama shabaha yako ni kukaa na mzazi mezani kwa heshima na kuhudumiwa, mikahawa iliyomo hotelini haidai tiketi ya bustani. Iko hoteli moja ya Disney, iliyofunguliwa mwaka 2001, ambayo mikahawa yake miwili yaitwa Boma na Jiko. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo.

Ajenda ya nne: chakula na kinywaji

Mweka hazina alitenga dola 100 kwa sahani zote za siku, akaziweka katika bahasha kwa noti, ili kila mtu azione zikipungua. Sahani moja ingeonjwa na watu wanne. Kila mtu angechagua sahani tatu, na mwenyekiti nne kwa cheo chake. Kijitabu cha vibanda hutolewa bure humo ndani, na orodha ya vyakula hutangazwa mapema, hivyo uchaguzi waweza kufanywa nyumbani kabla pua haijashawishika.

Kadhalika, yafaa ifahamike kwamba bustani hizo huruhusu mtu kuingia na chakula chake, ilimradi asichukue pombe wala vyombo vya kioo. Maji baridi ya kunywa hutolewa bure kwa bilauri katika mikahawa yenye mashine za soda. Familia nyingi hununua chupa baada ya chupa bila kulijua hilo.

Kuhusu mvinyo, sheria ya huko humkataza aliye chini ya miaka 21, na mhudumu aweza kumdai kitambulisho hata mwenye mvi. Mgeni awe na pasipoti yake. Kwa wasiokunywa, na kwa Waislamu hasa, kinachohitaji uangalifu ni sahani zenyewe: nyama ya nguruwe ni nyingi, na mvinyo hutiwa katika michuzi ambayo kwa macho haidhaniwi. Kuuliza si aibu. Wahudumu wamezoea kuulizwa, nao hujibu.

Ajenda ya tano: miguu ya mzee

Njia ya kulizunguka ziwa ni karibu kilometa 2, bila kuhesabu mwendo wa kutoka mlangoni hadi hapo. Kwa kijana si kitu. Kwa mwanamke wa miaka 71, chini ya jua la Florida, ni safari. Viti vya magurudumu hukodishwa mlangoni. Mashua hulivuka ziwa bila malipo ya ziada, na humpunguzia mtu nusu ya mwendo. Na jioni, katika jukwaa la wazi mbele ya banda la Marekani, hupigwa muziki ambao aliye na tiketi husikiliza bure. Wapo wanaonunua chakula pamoja na kiti cha uhakika, lakini anayewahi hukaa vile vile. Mama alikikataa kiti cha magurudumu, akaikubali mashua.

Ajenda ya sita: mvua

Msimu wa vimbunga huko huanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba. Tamasha lote, basi, limo ndani ya msimu huo. Anayepanga siku moja tu bila akiba ya siku nyingine anacheza kamari. Tukaandika tarehe 2 Novemba kuwa siku ya akiba.

Mweka hazina alijumlisha: dola 790. Zilizookolewa zilikuwa dola 910. Umeme uliporudi, kabla ya jambo jingine lolote, kaka alituma ada. Nilikuwa nimeketi karibu naye. Alibonyeza simu, akaiweka mezani, akaenda nje kuokota matawi yaliyoangushwa na upepo.

Jumamosi tarehe 19 tulikwenda. Sitakuchosha kwa kila sahani. Katika banda la Kanada tulikunywa supu ya jibini, ambayo ni maarufu humo, na mama alisema ni uji uliosoma. Mbele ya vibanda vya mvinyo alisimama kwa muda akiwaeleza watu wasiomwelewa kwamba Dodoma nako kuna zabibu, nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Katibu akatafsiri. Mhudumu mmoja alistaajabu kweli, akauliza Dodoma iko wapi, na foleni nzima ikangoja wakati mjukuu akichora ramani hewani.

Kisha mama akauliza: "Na Afrika iko wapi?" Moroko ipo, nayo ni nzuri, ilifunguliwa mwaka 1984, na mafundi wa vigae vyake walitumwa na Mfalme Hassan wa Pili. Lakini mama aliulizia huku kwetu. Bustani ilipofunguliwa mwaka 1982 ilitangazwa kwamba pangejengwa pia banda la Afrika ya Ikweta. Halikujengwa. Mahali pake, kati ya China na Ujerumani, pana kituo kidogo chenye duka la vinyago na kibanda cha vinywaji, ambacho katika matamasha kadhaa kimewahi kuuza githeri na kachumbari. Mama alipatazama, akasema, "Basi tukae hapa." Akafungua mfuko wake akatoa chapati alizozipika alfajiri, tukazila hapo, watu wanne, bila kulipa senti.

Tulipokuwa tukila alisema, kama anayezungumza na chapati, kwamba mke wa kaka na yule kijana wangelipenda pale. Hakuna aliyejibu. Kaka alimwongezea maji. Bahasha ilikuwa imebaki na dola 14, na kwa hizo mama alinunua vitu viwili vitamu vya kupeleka nyumbani, akavifunga katika leso. Vilifika vimepondeka, vikaliwa vyote.

Ndugu msomaji, sikuandika haya ili kumzuia mtu asiende kwenye karamu. Siku ile ilikuwa nzuri, na mama bado anaisimulia kanisani. Nataka tu kusema kwamba anayekata tiketi na kuweka nafasi anaamua pia nani atakula na nani atalipa, na uamuzi huo si wa mtu mmoja gizani na simu yake alfajiri. Una mzazi unayetaka kumfurahisha? Mwulize. Una deni uliloliahidi nyumbani? Lilipe kwanza, kisha uhesabu kilichobaki. Nawe unayejua jambo na kunyamaza ili usiharibu furaha ya watu, kama nilivyofanya mimi, ujue kwamba unaiacha iharibike baadaye na kwa gharama kubwa zaidi.

Daftari la kamati liko kwangu sasa. Katibu alinipa tulipoagana uwanja wa ndege. Ukurasa wa mwisho una kichwa "Mengineyo", na chini yake ameandika kwa Kiswahili chake: "Bibi amesema mwakani waende Mama na Kaka, na sisi tubaki. Mjumbe Baba amekubali. Fedha bado."

Tuonane Jumapili ijayo.